Tulikosa wa kumpigia simu

Mhariri,

Kila mjadala wa kuchangia viungo ukizuka, lawama huangukia raia: eti ni waoga, dini zawakataza, hawataki kuzikwa pungufu. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku hapa Mombasa, na kwa niliyoyaona wodini, tunawasingizia.

Usiku mmoja tulimpokea kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori. Hakufika alfajiri. Nilipotoka kumpa mamake habari, alikaa kimya muda mrefu akizungusha pete kidoleni, kisha akaniuliza: "Na macho yake, mwanangu? Alikuwa akisema akifa apewe mtu." Wenzake wawili wa stejini, ndio waliomleta, walikuwa wamesimama papo hapo na helmeti mikononi. Wakaitikia: kweli, alikuwa akisema, na si mara moja.

Hapo palikuwa na pa kuanzia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa mwili wake au sehemu yake kwa wosia, kwa hati iliyotiwa saini na mashahidi wawili, au hata kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Asipoacha neno, jamaa wa karibu wanaweza kutoa idhini kwa mpangilio uliotajwa humo, kuanzia mke au mume. Mashahidi ninao, mama ninaye. Wa kumpigia simu ndiye sina. Daktari wa zamu akaniambia tumngoje msimamizi. Msimamizi huingia saa mbili asubuhi.

Konea haimngoji msimamizi. Ni kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, ndicho anachopandikizwa mwingine. Hakina mishipa ya damu, kwa hivyo hata kundi la damu si lazima lilingane. Moyo ukishasimama bado chaweza kutolewa, na uso ukabaki kama ulivyokuwa, ila kitolewe ndani ya saa chache. Nasi Waislamu maiti hatumlazi. Saa kumi na moja ami zake walikuwa mlangoni na gari, akaoshwe, asaliwe, azikwe baada ya adhuhuri. Ningewaomba wangoje nini? (Na wanaoitaja dini wajue kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah liliruhusu upandikizaji, kwa masharti, tangu 1988.)

Sheria peke yake haitoshi: Uhispania ilitunga yake ya kuchangia viungo mwaka 1979. Miaka kumi baadaye, wachangiaji waliofariki walikuwa kama 14 tu kwa kila watu milioni moja. Mwaka 1989 ndipo wakaunda shirika la kitaifa la upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz, wakaweka waratibu wa uchangiaji viungo ndani ya hospitali zenyewe, wengi wao madaktari wa wagonjwa mahututi. Leo wamepita 40. Sheria ni ile ile ya 1979, na jamaa bado huulizwa.

Figo na ini za marehemu ni habari ndefu. Mara nyingi zinahitaji mtu ambaye ubongo umekufa huku mashine ikimpumulia, na vitanda vya kumlaza vyenyewe twagombania. Ndiyo maana figo zinazopandikizwa kwetu hutoka kwa ndugu walio hai. Basi tuanze na macho. Kila hospitali ya rufaa, ya ngazi ya 5 na ya 6, iwe na mratibu mmoja kwa kila zamu: apashwe habari kifo kinapotokea, apekue faili kama kuna homa ya ini au virusi vya ukimwi, akae na jamaa mahali penye kiti na maji ya kunywa, amwamshe fundi wa kutoa konea, aarifu benki ya macho. Asiwe daktari aliyekuwa akimtibu marehemu, wala yule anayengoja kupandikiza. Jamaa wakihisi tu kwamba aliyewaambia "amefariki" ndiye anayelitaka jicho, mazungumzo yameisha, na mimi siwalaumu.

Kwenye chumba chetu cha wauguzi kuna karatasi ya nambari za simu iliyobandikwa ukutani: mochari, polisi, maabara, gari la wagonjwa, muuza oksijeni, fundi wa lifti. Chini ya fundi wa lifti pana nafasi.

Muuguzi,
Mombasa