Mwanangu, umesahau haraka hivyo?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Kwamba mkataba wa kazi haukuongezwa, limeniuma. Lakini lililoninyima usingizi ni yale maneno ya mwisho, kwamba Mungu amekunyamazia. Umesahau haraka hivyo?

Waisraeli walivuka Bahari ya Shamu wakiimba, na baada ya siku tatu jangwani walikuwa mahali paitwapo Mara, wananung'unikia maji. Siku tatu tu! Kiu yao ilikuwa ya kweli, na yako ni ya kweli. Walichokosea ni kuihesabu kiu peke yake.

Soma Zaburi ya 77. Asafu, mtunzi wake, hapati usingizi, anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake. Hakukatazwa kuuliza, nami sikukatazi. Ila mstari wa 11 anageuka: "Nitayakumbuka matendo ya BWANA." Shida yake hatuambiwi kama imekwisha. Tena tazama anavyokumbuka: maji yaliyotetemeka, ngurumo, hadi majina ya Musa na Haruni. Kusema "Mungu ni mwema" na kuishia hapo hakushiki hofu ikija saa nane za usiku. Tukio lenye mahali na watu ndilo linaloshika.

Kwa hiyo andika daftarini. Ukurasa wa kushoto weka ombi na tarehe. Wa kulia weka jibu, tarehe, na mtu aliyetumika. Usiandike "nilisaidiwa ada". Andika shilingi ngapi, na zilikuwa zimebaki siku ngapi mtihani uanze. Ombi lisilojibiwa, kulia pabaki wazi, usipajaze kwa kubahatisha. Jumapili jioni rudi nyuma kurasa tano kabla ya kuomba jambo jipya. Usiandike kwenye simu. Unajua mwenyewe umepoteza ngapi.

Tena usigeuze kumbukumbu kuwa deni, kwamba kwa kuwa alikupa kazi wakati ule lazima akupe mwezi huu. Nyoka wa shaba aliwaponya watu jangwani, lakini vizazi vya baadaye wakamfukizia uvumba mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande. Kazi ile huenda isirudi. Aliyekupa yupo.

Andika na ulipoanguka pia. Ebenezeri, jina ambalo nabii Samweli aliliita jiwe la ukumbusho alilolisimamisha, ndilo jina la mahali Israeli walipopiga kambi siku Wafilisti walipowashinda na kuliteka sanduku la Mungu. Juu ya jina hilohilo akasema, "Hata sasa BWANA ametusaidia."

Hapa nyumbani kuomba tulikufundisha ungali mdogo. Kuhesabu majibu tulikupitisha juu juu, nadhani. Lakini miaka miwili umejilipia kodi ya nyumba bila kutuomba hata senti, na sijawahi kukuambia kwamba najivuna kwa hilo. Ungetuambia mapema tu, badala ya kukaa na jambo zito wiki tatu peke yako.

Bati la jikoni linavuja tena, baba yako anasema atapanda Jumamosi. Mdogo wako anataka viatu vya shule, wewe usihangaike navyo. Alhamisi napakia kwenye basi debe mbili za mahindi na maharage kidogo. Kaunta buku ya kwaya mbili nimeiweka chini ya maharage, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Ukiipata nipigie, na ombi la kwanza uwe umeshaandika.

Mama yako