Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbolea Yetu Inakwenda Wapi?

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za ghala zimo katika taarifa ya katibu, hivyo sitazirudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotawala vikao vya kamati mwaka mzima, yaani matumizi ya mbolea kwenye majaruba yetu ya mpunga ya bondeni.

Ombi lililoletwa mara nyingi kuliko mengine yote ni kuongeza urea katika manunuzi ya pamoja. Kamati haikulikubali, na ni haki yenu kujua sababu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Mpunga huchukua takribani kilo 15 hadi 20 za naitrojeni kwa kila tani ya mavuno. Kwa hesabu hiyo mfuko mmoja ungetosheleza zaidi ya tani moja, kama naitrojeni yote ingeingia kwenye mmea. Haiingii. Mchana wa jua kali, mwani uliomo kwenye maji ya jaruba huyaongezea hali ya magadi, na urea iliyorushwa juu yake hupaa kama gesi ya amonia. Upepo wa nyanda zetu za savana huongeza kasi. Jaruba likikauka kisha likafurika upya, naitrojeni iliyokwisha geuka naitreti nayo hupotelea hewani. Na pale kingo zilipobomoka hatuhitaji hata kuzungumza kemia: mbolea huhamia kwa jirani wa chini, ambaye hakuchangia hata senti.

Ndiyo maana fedha za maendeleo tumezielekeza kwenye kingo na kusawazisha majaruba. Wapo walionung'unika kwamba chama kinanunua makoleo badala ya mbolea. Nasimamia uamuzi huo. Jaruba lenye mgongo katikati huota magugu mgongoni na kuzamisha miche pembeni, na magugu hula mbolea kabla ya mpunga. Kwa hiyo palizi kwanza, kisha punguza maji, ndipo urushe mbolea ya kukuzia. Mbolea ya kupandia yenye fosforasi ichanganywe kwenye tope kabla ya kupandikiza, kwa sababu fosforasi haitembei udongoni. Mizizi ndiyo inayoifuata.

Somo la shambani lililowavutia wengi lilikuwa la kupasua shina. Chukua shina kuu la mpunga, lipasue kwa wembe kwa urefu wake kuanzia chini. Juu kidogo ya kifundo cha juu kabisa ukikuta kincha cheupe chenye manyoya, chenye urefu wa milimita 1 au 2, suke limeanza kuundwa. Hapo ndipo awamu ya mwisho ya urea inapolipa. Kwa mbegu ya siku 120 hutokea kati ya siku ya 55 na 60 hivi, lakini mimi naamini wembe kuliko kalenda, hasa kwa miche iliyokawia kitaluni. Anayesubiri mpaka mpunga ubebe mimba, yaani suke livimbe ndani ya ala ya jani, amekwisha chelewa.

Kuhusu mabua, naomba tusikilizane. Kila tani ya mpunga huondoa takribani kilo 17 za potasiamu kwenye udongo, na karibu asilimia 80 yake hubaki kwenye mabua. Mwanachama anayekusanya mabua yote kwenye kiwanja cha kupuria na kuyachoma anahamisha potasiamu ya shamba zima hadi sehemu moja. Tazameni palipokuwa na kiwanja cha zamani, mpunga wake una kijani cha pekee. Moto huondoka pia na naitrojeni karibu yote na sehemu kubwa ya salfa, katika udongo ambao tayari huchomwa kila kiangazi. Mabua yatawanywe na kulimiwa chini mapema, yaoze kabla ya kupandikiza.

Jambo jingine ni kudhani kila manjano ni njaa ya urea. Manjano yakianzia majani ya chini, ni kweli, shuku naitrojeni. Yakianzia majani machanga, shuku salfa; hapo mbolea ya SA (salfeti ya amonia), yenye asilimia 21 ya naitrojeni na 24 ya salfa, itafaa zaidi. Pembezoni mwa bonde, ambako maji hububujika na utando wa rangi ya kutu, madoa ya shaba kwenye majani ya chini ni sumu ya chuma. Huko urea peke yake haiponyi kitu. Chimba mfereji, toa maji kwa muda, na usinyime shamba fosforasi wala potasiamu.

Mkutano huu utapigia kura mambo mawili: kupunguza fungu la urea ili tununue SA na mbolea ya potasiamu, na kuzuia uchomaji wa mabua ndani ya skimu. Liko pia jaribio la urea ya vidonge, inayofukiwa sentimita 7 hadi 10 katikati ya mashina manne ya mpunga. Halifai kwenye majaruba ya kichanga yanayovujisha maji, na kazi yake inachosha mgongo. Wenye majaruba ya mfinyanzi wanaotaka kujaribu wajiandikishe kwa katibu kabla ya kusia mbegu kitaluni.