Shukrani kwa mteja aliyenirudishia mkoba

Nakuandikia wewe ambaye jina lako sitalitaja, kwa kuwa uliniomba nisilitaje. Ulipoagiza mkoba kwangu, ilikuwa imepita miezi mitatu tangu nipunguzwe kazini, nami nilikuwa nikiuza mtandaoni kutoka chumbani kwangu kwa matumaini mengi na hesabu chache. Mkoba ulikufikia ukiwa mdogo kuliko ulivyoonekana pichani, na ungeweza kudai fedha zako na kunilaumu hadharani. Badala yake ulinipigia simu, ukanieleza kwa upole kwamba picha isiyo na vipimo humpotosha mnunuzi hata pale muuzaji anapokuwa mkweli, na kwamba ni heri nipige picha mchana karibu na dirisha kuliko chini ya taa inayogeuza rangi.

Kisha ukaniuliza swali lililoninyima usingizi: faida yangu ni kiasi gani? Nilikujibu kwa kutoa bei ya kununulia katika bei ya kuuzia, nawe ukanionyesha kwamba nilikuwa nimesahau vifungashio, usafirishaji, makato ya kupokea malipo, gharama za intaneti na bidhaa zinazorudishwa. Kumbe kila mkoba niliouza ulikuwa ukila akiba yangu. (Nilicheka siku hiyo, ingawa si kwa furaha.)

Tangu hapo fedha za biashara hukaa katika akaunti ya pekee, kila oda ina mstari wake daftarini, na siagizi mzigo mpya kabla wa zamani haujapungua. Nakushukuru kwa dhati kwa muda wako, ambao hukunitoza chochote. Ule mkoba mkubwa ulioulizia umefika, nimeshaupima.