Barua kwa mwanangu: Getini umekataliwa nini?

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimeona ulivyorudi kimya Jumamosi, baada ya vijana wa usharika kuzunguka Pasua na Majengo, hapa Moshi, mkihubiri nyumba kwa nyumba. Kuambiwa na mwenye nyumba getini "msirudi tena hapa" kunauma, na sikuombi ujikaze kana kwamba hakuumi. Ninachokuomba ni ujiulize: yule mtu amekataa nini hasa?

Fikiria Akeri, kule Meru. Oktoba 1896, wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale usiku, muda mfupi tu baada ya kufika. Ni rahisi kusema watu wa Meru waliikataa Injili, lakini Injili ilikuwa bado haijawafikia. Walichokiona ni Wazungu wawili waliokuja wakati jeshi la Kijerumani la Kapteni Johannes likiwa karibu. Kisha jeshi hilo likalipiza kisasi kwa damu. Hata hivyo, mwaka 1902 kazi ilianza upya Nkoaranga, na leo Meru ni dayosisi ya kanisa letu la Kilutheri, KKKT. Kwa hiyo kabla hujapiga hodi, angalia umeongozana na nini.

Mara nyingi vijana wetu huongozana na swali moja baya: "Je, umeokoka?" Hapa Kilimanjaro nyumba nyingi zina watu waliobatizwa wakiwa wachanga na kupata kipaimara. Ukianza na swali hilo, mama anasikia kwamba umemhukumu yeye na kanisa lake, na geti linafungwa kabla jina la Yesu halijatajwa. Anza na shikamoo, sema jina lako na usharika unaotoka, kisha omba: "Tunaweza kuongea nawe dakika kumi?" Dakika kumi zikiisha, simama wewe kwanza. Nendeni wawili; mkienda sita, mwenye nyumba anaona amevamiwa. Saa za chakula usiende, wala jioni watu wanapofunga mifugo. Kiborloni siku ya soko, usisimame mbele ya meza ya mtu anayeuza, unamzuilia wateja. Na kwenye basi la Arusha abiria hana pa kwenda, basi usihesabu ukimya wake kuwa amekubali.

Ukikataliwa, usiyachanganye majibu. Paulo kule Athene aliyapata matatu kwa siku moja: wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini. Mwenye kukudhihaki usimjibu; mshukuru kwa muda wake, ondoka. "Leo nina kazi" linaweza kuwa kweli, kwa hiyo muulize siku gani inamfaa. Asipoitaja, usimpangie wewe. Anayesema "Nina dini yangu" ameshakujibu, na ni jibu la mtu mzima. Usimwachie kipeperushi mlangoni kwa nguvu, na tafadhali usisimame nje ya geti ukamwombea kwa sauti. Maombi ya namna hiyo majirani huyasikia kama matusi.

Hasa kwa majirani zetu Waislamu, usiguse kitabu chao wala Mtume wao. Ibara ya 19 ya Katiba inakupa uhuru wa kueneza dini, lakini kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamshtaki anayesema neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine. Hata sheria isingekuwepo, huwezi kumvunjia mtu heshima halafu umwombe akusikilize.

Utasema Yesu aliagiza kukung'uta mavumbi ya miguuni mahali tusipopokelewa. Ndiyo, lakini soma pia Luka 9: kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea, Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke, naye akawakemea. Wakaenda kijiji kingine. Kukung'uta mavumbi ni kuacha uchungu wa nyumba hii usiuingize nyumba inayofuata. Mkikataliwa nyumba tatu mfululizo utajisikia mwenyewe: unaharakisha maneno, sauti inapanda, hungoji jibu. Hapo mwachie mwenzako aongee, au kaeni chini mnywe maji kwa robo saa kabla ya kuendelea.

Jioni, kabla hamjaachana, mwambiane ukweli na muandike mstari mmoja kwa kila nyumba: alisema nini, tulisema nini kabla yake. Maneno yaleyale ya kukataa yakitokea nyumba nne au tano, kosa litafuteni kwenu kwanza.

Yule wa Jumamosi usimrudie na Injili mpaka akuite mwenyewe. Ukikutana naye njiani, msalimie kama jirani, usimkumbushe lolote. Kukitokea msiba kwake, nenda ukabebe viti na kuchota maji kama vijana wengine wa mtaa, na Biblia uiache nyumbani siku hiyo.

Mama yako