Nywele hazifiki begani kwa wiki mbili: jinsi picha za "kabla na baada" zinavyotengenezwa

Wateja wengi wanaingia dukani kwetu na simu mkononi, wanatuonyesha picha mbili za dada mmoja. Kushoto nywele zimeishia masikioni, kulia zinagusa mabega, chini imeandikwa "wiki mbili tu". Wanataka mafuta hayohayo. Jibu letu huwa ni kwamba hatuyauzi, na mteja anastahili kuelezwa kwa nini.

Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa sentimita moja na robo hivi kwa mwezi. Wiki mbili zinakupa kama nusu sentimita, na hiyo huioni kwenye picha. Sasa mabega yamefikiwaje? Kwa nywele za kipilipili ni kazi rahisi mno. Ukiziosha ukaziacha zikauke zenyewe, zinajikunja na kusinyaa, mara nyingi hadi chini ya nusu ya urefu wake. Hapo inapigwa picha ya kwanza. Kisha zinapigwa drayer, zinapitishwa pasi, inapigwa ya pili. Ni kichwa kilekile, na huenda ni siku ileile. Hakuna wigi, hakuna aliyechezea picha kwenye kompyuta, na bado mteja amedanganywa.

Hila hii inatuuma kuliko nyingine zote kwa sababu inamgeuzia kibao mwenye nywele. Anapaka mwezi mzima, anajitazama kwenye kioo, haoni mabadiliko. Halaumu picha. Anaanza kuamini kwamba kichwa chake ndicho kibovu, anaongeza chupa ya pili, mwisho anaweka dawa kali ambayo hakuwahi kuitaka.

Wanaouziwa matumaini zaidi ni akina dada ambao nywele za mbele zimekatika kwa kusukwa rasta za kubana. Kwenye picha ya "baada", upara wa pembeni umejaa. Angalia vizuri: pengine ni wanja au unga mweusi uliopakwa kwenye ngozi, au wivingi iliyolazwa kuja mbele. Nywele za mbele zikiwahiwa huweza kurudi, na hatua ya kwanza ni kuacha kubana. Zikivutwa kwa miaka, mashina yakaharibika na ngozi ikafanya kovu, mafuta ya dukani hayataotesha kitu. Huyo tunamwelekeza kwa daktari wa ngozi, hata kama amekuja na pesa mkononi.

Kampuni kubwa nazo zimewahi kukamatwa. Mwaka 2007 ASA, chombo kinachosimamia matangazo Uingereza, kiliikosoa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal kwa tangazo la maskara (rangi ya kope) lililoonyeshwa na mwigizaji Penélope Cruz, ambaye alikuwa amebandikwa baadhi ya kope za bandia bila watazamaji kuambiwa. Mwaka 2011 kikapiga marufuku matangazo mawili ya fandesheni (kipodozi cha kusawazisha rangi ya uso) ya kampuni hiyohiyo, moja la mwigizaji Julia Roberts na jingine la mwanamitindo Christy Turlington, kwa kuwa haikuweza kuthibitisha kwamba picha hazikuzidisha uwezo wa bidhaa. Mwaka 2021 chombo hicho kikasema anayetangaza kipodozi kwenye mitandao asitumie filta inayokuza matokeo. Kama huko wenye mikataba minono wanabanwa hivyo, sisi wa maduka ya mtaani tuna sababu gani ya kujiachia?

Kuhusu krimu za "kung'arisha" ngozi, msimamo wetu ni mfupi. Dada anayeonyeshwa mara nyingi alikuwa mweupe tangu kuzaliwa, au amewekewa taa kali usoni. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) vimepigwa marufuku Tanzania, na zebaki huharibu figo. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kuchubua ngozi, hatuuzi, wa chini ya meza wala wa juu ya meza.

Video zetu tunazirekodi mchana, mahali palepale, bila filta. Anayeonyesha ni mfanyakazi wetu au mteja aliyekubali mwenyewe, na tunataja kila kitu alicho nacho kichwani au usoni: kama ameweka dawa, kama kuna wivingi ndani, kama chini ya losheni kuna fandesheni. Nywele zikiwa zimesinyaa kwenye picha ya kwanza, zitasinyaa na kwenye ya pili. Matokeo yake ni video zisizovutia sana, na tunajua baadhi ya wateja wanapita tu kwenda kwa jirani mwenye picha tamu zaidi. Tumekubali kuwapoteza hao.

Ukitaka kujua kama mafuta yako yanakusaidia, njoo nywele zikiwa zimeoshwa, bila rasta. Tunavuta kishungi kimoja taratibu mpaka kinyooke, tunakipima kwa futi ya fundi cherehani kuanzia kwenye ngozi. Tunafanya hivyo mbele, utosini na kisogoni, na kukuandikia vipimo kwenye kadi. Urudi baada ya miezi mitatu, tupime palepale. Ongezeko la sentimita mbili hadi nne maana yake nywele zinakua kawaida na hazikatiki. Likiwa dogo sana, huenda zinakatika njiani, basi tutazungumza kuhusu unavyochana, unavyosuka na unavyolala. Kupima ni bure, hata kama mafuta ulinunua kwingine.