Harambee ya Vibao vya Historia, Tengeru

Ndugu wazazi, wanafunzi wa zamani na majirani zetu,

Watoto wetu wanaijua njia ya makaburi ya Wapolandi kuliko wanavyowajua waliozikwa mle. Ukiwauliza watasema "wakimbizi wa vita", na hiyo ni nusu ya habari. Habari nzima tunataka kuiandika kwenye vibao vya historia shuleni kwetu. Watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru kuanzia 1942 baada ya kutumikishwa kwa lazima katika Muungano wa Kisovyeti.

Septemba 1939 jeshi la Kisovyeti liliingia Polandi mashariki na kuteka askari kwa maelfu. Mateka wapatao 22,000, wakiwemo maofisa na polisi, waliuawa kwa risasi mwaka 1940. Askari wengi wa kawaida waliingizwa migodini au kwenye ujenzi wa barabara ya kuelekea Lwów, mji ambao sasa ni Lviv nchini Ukraine. Familia nazo zikasombwa kwa treni hadi misitu ya Arkhangelsk na Siberia kukata magogo.

Kibao tunachokipa uzito ni cha mkate. Kila mtu alipangiwa kazi ya siku. Asiyeimaliza alipunguziwa mkate. Kesho yake alikuwa dhaifu zaidi, akakata magogo machache zaidi, akapunguziwa tena. Njaa ya namna hiyo haihitaji risasi. Kiseyeye kiling'oa meno, na dawa ilikuwa maji machungu ya majani ya misonobari. Mapatano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni na Wasovyeti yalipowafungulia, homa ya chawa iliwafuata njiani. Walipofika bandari ya Pahlevi, Iran, nguo zao zilichomwa na vichwa vikanyolewa. Wako waliokufa pale kwa kushibia ghafla nyama ya mafuta, maana matumbo yalishasahau chakula.

Tutatumia mizani ya sahani mbili na vipande vya mbao badala ya mkate, mwanafunzi apunguze kipande kila kazi inapopungua. Utakuwepo pia msumeno wa watu wawili, meno yamefunikwa.

Vibao ni 6, vya bati la alumini, vitakaa uwanjani kwetu. Makaburini pana wanaopatunza. Plaiwudi tumeikataa: masika moja tu inafura na kubanduka. Nguzo za mbao nazo, kwa mchwa wa hapa, ni kutupa hela. Kila kibao kina nguzo 2 za chuma, shimo sentimita 60, saruji nusu mfuko kwa shimo.

Vibao ni sh. 1,080,000, nguzo 420,000, saruji mifuko 6 sh. 108,000, fundi 300,000, mizani na msumeno 142,000. Jumla sh. 2,050,000.

Tunaomba michango ifike kabla masika hayajaanza, kwa sababu zege likipigwa na mvua kabla ya kushika, nguzo zitalala. Mwenye saruji au mabomba alete, tutayatoa kwenye hesabu. Mpokeaji ni mweka hazina wa kamati ya wazazi. Dai stakabadhi hata kwa sh. 1,000. Mapato na matumizi yatabandikwa mlangoni kwa mkuu wa shule kila Ijumaa.