Mkaguzi Akiandika "Boksi la Umeme Libadilishwe", Anza na Waya

Wateja wengi wanaotupigia simu sisi mafundi umeme hapa Tanga huwa tayari wana karatasi mkononi. Mkaguzi amepita, labda wa bima, labda wa Zimamoto kwa sababu nyumba inageuzwa ya wageni, akafungua boksi la umeme na kuandika mstari mmoja: la zamani, libadilishwe. Mwenye nyumba anakwenda dukani kununua boksi jipya la sakiti breka, zile swichi zinazojikata zenyewe mkondo ukizidi, kisha ndipo anamtafuta fundi wa kulifunga. Tunawaomba mtuite kabla ya kununua.

Uzee peke yake si kosa. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani na Raskazone zilifungwa fyuzi za kauri, na kauri yenyewe haina ubaya. Swali ni mkaguzi aliona nini ndani. Fyuzi hiyo hushika uzi mwembamba uliopimwa, kwa kawaida wa ampea 5 kwa taa na 15 kwa soketi, ambao hukatika mkondo ukizidi. Sasa uzi ukikatika usiku, maduka yamefungwa, mtu huchomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa soketi wenye nyuzi saba na kuufunga pale. Taa zinawaka, watu wanalala. Lakini uzi ule unaweza kuvumilia hadi karibu ampea 40 kabla haujakatika, na muda wote huo waya uliofichwa ukutani ndio unaochemka. Tukikuta hivyo, mkaguzi ana haki yake na hatubishani naye.

Halafu kuna hewa ya bahari. Chumvi na unyevu huila shaba kwenye viungo, mshiko unalegea, na penye mshiko mlegevu pana joto. Ukifungua mfuniko utaona ukijani kwenye shaba na ukahawia kwenye plastiki iliyoanza kuungua. Plastiki hiyo wakati mwingine hutoa harufu kama ya samaki, na hapa kwetu ni rahisi kudhani inatoka jikoni kwa jirani. Ukiisikia karibu na boksi, au boksi likiwa la moto, zima meni swichi na usisubiri kesho.

Kinachotusumbua zaidi ni boksi jipya kufungwa juu ya waya mbovu. Kazi ya breka ni kuulinda waya. Birika la wati 2000 hula karibu ampea 9. Ongeza pasi ya nguvu hiyo hiyo kwenye laini moja, breka ya ampea 16 itazidiwa na inaweza kuanza kukata. Fundi wa haraka anaitoa anaweka ya 32, malalamiko yanaisha, na waya wa milimita za mraba 2.5 umebaki bila mlinzi. Kwenye nyumba kongwe kabisa tunakuta waya wa mpira uliokauka, ukiupinda unapukutika kama ganda la karanga. Waya huo hauponywi na boksi lolote. Vilevile nyumba isiyo na athi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, haitaipata kwa kununua boksi zuri.

Kwa hiyo tukija, tunaisoma karatasi pamoja nawe mbele ya boksi, tunazima, tunapima laini moja moja kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme usivuje. Laini yenye usomaji chini ya megaohm 1 haturudishii umeme mpaka irekebishwe. Mara nyingi ni laini moja au mbili ndizo zinazohitaji waya mpya, si nyumba nzima. Tunapima athi pia, kisha tunapendekeza RCD ya miliampea 30, ile swichi yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukianza kuvuja kupitia mwili wa mtu. Kama fedha ni kidogo, anza na athi na RCD. Rangi na umbo la boksi vingoje.

Mita ya LUKU na sili yake ni mali ya TANESCO, hatuigusi. Ikilazimu umeme ukatwe upande huo, wao ndio wanaoitwa. Na fundi yeyote utakayemchagua, hata asipokuwa sisi, muombe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajafungua mfuniko.

Kazi ikiisha tunakuachia karatasi yenye vipimo vya kila laini, kabla na baada. Mpe mkaguzi nakala. Akitaka kurudi kuhakiki, tuambie siku, tutakuja kumfungulia boksi ajionee.